Mkono Uliopiga Kengele ya Brézelle

Bruda Évrard alikuwa amelala chali kanisani, chini ya ngazi ya mawe, kisogo kimepasuka, mikono imekunjwa kifuani, macho yamefumbwa. Miguu yake ilikuwa imefunikwa kwa gunia la viazi.

"Mtu akianguka mwenyewe hajifuniki miguu," alisema Inspekta Sidonie Malaval.

"Wala hajifumbi macho, Afande," alijibu Sajini Perrec.

Malaval alizunguka mwili mara ya tatu. Hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja. Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu aache sigara, na mikono yake ilikuwa haijui ikae wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaanza kuvipanda vidato huku akivihesabu. Thelathini na viwili. Juu kabisa, kwenye mlango wa bweni ambalo watawa walilala enzi zao, fimbo ya marehemu ilikuwa imeegemezwa ukutani vizuri kabisa.

Ndani ya bweni palikuwa na kitanda, meza, jiko dogo la gesi, na sufuria yenye mabaki ya supu ya viazi na vitunguu. Kwenye beseni kulikuwa na bakuli mbili safi.

"Bakuli mbili, mtu mmoja," alisema kwa sauti ya chini.

Kijiji cha Brézelle kilizaliwa na abasia, makao ya watawa waliojenga kanisa hilo. Watawa walipofukuzwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, wanavijiji waliingia humo na familia zao na ng'ombe wao, na hawakutoka tena. Ukumbi wa chakula wa watawa sasa ni zizi, nyumba ya bawabu ni mkahawa, na nusu ya kuta za nyumba zimejengwa kwa mawe yaliyong'olewa kwenye ua wa abasia. Watu themanini na watatu. Évrard alikuja peke yake miaka arobaini iliyopita, akaomba aruhusiwe kulitunza kanisa, na tangu siku hiyo alipiga kengele mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa moja jioni.

Aliyegundua maiti alikuwa amekaa nje kwenye benchi, amevaa kitambaa cha hariri shingoni katika joto lile la Julai. Cyprien Delamotte, daktari wa meno mstaafu kutoka Paris, alikuwa amenunua nyumba iliyopakana na kanisa miaka miwili nyuma.

"Kengele haikulia asubuhi," alisema. "Nililala mpaka saa mbili. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa! Nikafurahi. Halafu nikaingiwa na wasiwasi. Nikaenda kuangalia."

"Wewe ndiye uliyefungua kesi dhidi ya kengele?"

"Dhidi ya halmashauri ya kijiji. Sikuwa na ugomvi na yule mzee."

"Jana baada ya saa moja jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na nani? Hapa hakuna hata mtu anayenisalimia, Inspekta. Jana kijiji kizima kilikuwa kwenye karamu ya Julai, pale kwenye ghala. Mimi sikualikwa. Hata yule mbwa wa mkahawa alikuwepo."

Perrec aliandika, akapigia mstari chini.

* * *

Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu saa tisa alasiri. Majeraha yalikuwa ya kuanguka. Kwenye kifua palikuwa na michubuko miwili midogo, ya viganja vya mtu aliyemsukuma kutoka mbele.

"Alikufa saa ngapi?" aliuliza Malaval, akitembea huku na huko uani na simu sikioni.

"Kanisa lile ni baridi, linanivuruga. Kati ya saa kumi na saa mbili za jioni. Ukinilazimisha nitasema saa kumi na moja na nusu. Supu ilikuwa ndiyo kwanza imefika tumboni."

"Haiwezekani. Alipiga kengele saa moja. Kijiji kizima kiliisikia."

"Basi alikula akachelewa. Mimi nasoma tumbo, sisomi kengele."

Malaval alikata simu. Neno lile la supu lilimkera. Mtu aliyeishi kwa kufuata saa miaka arobaini anachelewaje kula?

Mkahawa ulikuwa umejaa, na hakuna aliyekuwa anakunywa. Mwenye mkahawa, Fulgence Aubarède, mzee wa miaka sitini hivi mwenye mabega ya mfanyakazi wa machimbo, alikuwa anafuta kaunta ambayo tayari ilikuwa kavu.

"Umeshamkamata?" aliuliza.

"Nimkamate nani?"

"Huyo mng'oa meno. Nani mwingine? Wote tulikuwa ghalani tangu saa moja na nusu mpaka saa tano. Tuhesabu, Inspekta, hakosekani hata mmoja. Yeye tu ndiye alikuwa hapa peke yake na Bruda."

"Muueni kabisa basi," ilisema sauti kutoka mezani, "tumalize kesi ya kengele na kesi ya Bruda kwa pamoja." Wachache walicheka, kisha wakaona aibu.

"Bruda alikuwa anakula saa ngapi?" Malaval aliuliza.

Fulgence aliacha kufuta. "Siku za kawaida, baada ya kengele ya jioni. Ijumaa saa kumi na moja."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Ijumaa anakula na Armande."

Pembeni, dirishani, alikaa mwanamke mwembamba mwenye mvi zilizofungwa nyuma, karibu miaka sabini, na kikombe cha kahawa ambacho hakukigusa. Aliinua mkono kidogo.

"Ni mimi," alisema. "Armande Guéret. Tulikula, tukaosha vyombo, nikatoka. Ilikuwa kama saa kumi na mbili. Alikuwa mzima."

"Mnakula pamoja tangu lini, Bi Armande?"

"Tangu binti yangu afe. Miaka thelathini."

Baadaye, nje, Perrec alipata habari kwa mke wa mwokaji mikate. Lise, mtoto wa pekee wa Armande, alikuwa na miaka tisa alipogongwa na gari kwenye kona ya barabara ya bwawa la watawa. Dereva hakusimama. Hakupatikana. Évrard ndiye aliyemkuta mtoto nyasini. Ijumaa iliyofuata alimpikia mama yake supu, na Ijumaa iliyofuata tena, na hawakukosa hata moja.

"Huyo mama hakuwa na mtu mwingine duniani," alisema Perrec. "Kama kuna mtu amefiwa hapa, ni yeye."

* * *

Jumapili hakimu wa uchunguzi alipiga simu mara nne. Mtu asiye na ushahidi wa mahali alipokuwa, mwenye ugomvi unaojulikana, jirani wa ukuta kwa ukuta: Inspekta anangoja nini? Usiku wa kuamkia siku hiyo vijana walikuwa wamevunja kioo cha gari la Delamotte, na mtu aliandika neno MUUAJI kwa chaki kwenye mlango wake.

"Tumchukue, Afande," alisema Perrec. "Hata kwa usalama wake."

"Adui hafumbi macho ya maiti, Perrec. Hafuniki miguu. Yule aliyemsukuma alishuka vidato thelathini na viwili akamtengeneza vizuri kama mtu wa nyumbani kwake."

"Basi nani? Wote walikuwa ghalani."

"Sijui!" Alipiga teke kokoto. "Ndiyo maana silali."

Walimkuta Delamotte sebuleni, mapazia yamefungwa, sanduku liko wazi sakafuni.

"Unasafiri?"

"Sijui. Nafungasha, nafungua, nafungasha tena. Mnakuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza. Ijumaa jioni, kengele ilipolia, ulimwona Bruda?"

"Nilimsikia. Nina rekodi."

Malaval aliacha kutembea. "Rekodi gani?"

Mzee yule aliona aibu kidogo. "Wakili wangu alitaka ushahidi. Nina kifaa dirishani. Kinarekodi kila mlio, tarehe na saa. Nina milio zaidi ya elfu moja na mia tano, Inspekta. Ndiyo sababu mke wangu hakuhamia."

"Nipe ya Alhamisi jioni."

Delamotte alibonyeza kompyuta. Kengele ya Brézelle ilijaa chumbani. Mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu. Kila mara pigo la tatu lilichelewa, kana kwamba mpigaji alipumzika kwanza.

"Ana bega bovu," alieleza Delamotte. "Pigo la tatu lilinitia wazimu. Unangoja, unangoja, halafu ndiyo linakuja."

"Sasa ya Ijumaa."

Matatu, kimya, matatu, kimya, matatu. Yote sawasawa, hakuna lililochelewa. Kisha, wakati Malaval alidhani imekwisha, likaja pigo moja jingine, dogo, laini, la karibu kutosikika.

Perrec alimwangalia Malaval. Malaval aliangalia kompyuta.

"Ulikuwa umeigundua hii?" alimuuliza Delamotte.

"Mimi huzirekodi, Inspekta. Sijawahi kuzisikiliza."

"Saa moja Bruda alikuwa ameshakufa," alisema Malaval polepole. "Daktari alikuwa sahihi. Mtu mwingine alipiga kengele. Kwa hiyo karamu yote ile na mashahidi themanini haitusaidii kitu. Tunachotaka ni nani alikuwa wapi saa kumi na moja na nusu."

Lakini lile pigo la mwisho, mbona halikumshtua mtu? Kijiji kizima kilisikia kengele Ijumaa na hakuna aliyesema lolote. Alifikiri juu yake njia nzima kuelekea mkahawani. Ghalani walikuwa wanapanga meza na kuburuta mabenchi, redio imefunguliwa. Mtu aliyesikia kengele ile maisha yake yote haisikii tena. Anajua tu kwamba imelia.

* * *

Fulgence alikuwa peke yake, anapanga glasi. Malaval hakumweleza kitu. Aliweka simu juu ya kaunta akaifungua sauti.

Glasi ilibaki mkononi mwa yule mzee. Lilipofika lile pigo la mwisho, laini, uso wake ulibadilika.

"Huyo ni mzee Guéret," alisema.

"Nani?"

"Mpiga kengele wa zamani, kabla ya Bruda. Analaza kengele. Hivyo ndivyo alivyokuwa akituambia tulipokuwa watoto: huwezi kuiacha ikining'inia imeamka, lazima uilaze." Akacheka kidogo, kisha akashtuka. "Umeipata wapi hii? Mzee Guéret alikufa nikiwa na miaka ishirini."

"Hii ni ya Ijumaa."

Fulgence aliweka glasi chini kwa uangalifu mkubwa.

"Alimfundisha nani, Mzee Fulgence?"

Fulgence alichukua kitambaa, akaanza kufuta kaunta.

"Guéret. Jina hilo nimelisikia hapa hapa jana."

"Nimesema kitu gani mimi," alinong'ona. "Inspekta, futa hayo. Sikusikia vizuri. Simu hizi hazisikiki vizuri."

"Alikuwa na watoto wangapi?"

"Mmoja," alisema Fulgence. "Binti mmoja."

* * *

Armande Guéret alikuwa uani, akitoa kokwa za cheri kwa kipini cha nywele, mikono myekundu mpaka viwiko. Aliwaona, akavuta kiti kingine kwa mguu.

"Kaa, Inspekta. Unachosha ukisimama."

Malaval alikaa. Alimsikilizisha rekodi. Armande aliendelea kutoa kokwa mpaka pigo la mwisho, kisha akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mkono huo," alisema. "Pigo lile la mwisho, sikujua kama nililipiga. Baba alinifundisha nikiwa na miaka kumi na miwili. Ni mkono uliofanya, mimi sikuwepo."

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Sijui. Chini ya ngazi, nadhani. Na yeye."

"Niambie tangu mwanzo."

Armande alisogeza bakuli pembeni. Nyuki walikuwa wameshaingia kwenye bakuli la cheri, na hakuwafukuza.

"Tulikula supu. Tukaosha bakuli. Akaniambia, Armande, mwezi ujao natimiza miaka themanini, moyo wangu mbovu, siwezi kufa na hili. Nikadhani ana ugonjwa. Akasema: jioni ile ya Lise, kabla sijamkuta, mtu aligonga mlango wangu. Alikuwa analia. Aliniambia amemgonga mtoto. Alinipigia magoti nimwapie kwamba sitamtaja, nami nikaapa, halafu ndiyo nikakimbia barabarani, na Lise alikuwa ameshakata roho."

"Alijua dereva ni nani."

"Miaka thelathini, Inspekta. Ijumaa baada ya Ijumaa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti kile nasema, Bruda, yule mtu bado yupo hai, anakula, anacheka mahali fulani. Naye ananishika mkono ananiambia tumwombee. Tumwombee! Nilikuwa namshukuru. Kila Ijumaa nilipotoka nilimwambia, Bruda, bila wewe ningejirusha bwawani. Na yeye ananichotea supu."

"Ukamwuliza jina."

"Nikamwuliza. Akasema, jina siwezi, niliapa mbele ya Mungu. Nikamwambia, basi umeniambia ili iweje? Akasema, ili unisamehe." Sauti yake ilikatika kwa mara ya kwanza. "Alitaka mimi nimtue mzigo. Yeye! Akasimama, akaegemeza fimbo ukutani, akafungua mikono yake ili anikumbatie. Nikamsukuma. Kwa mikono miwili. Sikumbuki kama nilijua ngazi ipo nyuma yake. Utaniuliza hilo mara nyingi, najua. Jibu ni hilo hilo: sikumbuki."

Perrec alikuwa ameacha kuandika.

"Ukamfumba macho," alisema Malaval.

"Alikuwa ananiangalia. Na miguu yake siku zote ilikuwa ya baridi."

"Halafu ukakaa naye mpaka saa moja, ukapiga kengele, watu wadhani yu hai. Ukaenda karamuni. Hiyo ni akili ya kujificha, Bi Armande."

Mwanamke yule alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kujificha? Nani? Mimi ningejificha nini, nina nini cha kuokoa? Kengele isingelia wangekuja kumwangalia, karamu ingevunjika, kila mtu angekwenda nyumbani kwake akafunge mlango. Bruda alisema *mtu aligonga mlango wangu*. Wageni hawaujui mlango ule, uko nyuma ya zizi. Dereva ni wa hapa. Na Ijumaa ya karamu wote wa hapa wanakaa meza moja. Nilitaka nikae katikati yao, nitazame uso mmoja baada ya mwingine. Nilisema, mama atamjua."

"Ukamjua?"

"Nilikaa pale kwa saa tatu na nusu," alisema Armande. "Wote walikuwa wanakula."

Alisimama, akafunika bakuli la cheri kwa kitambaa, akauliza kama anaweza kubadilisha viatu.

* * *

Jumanne asubuhi, katika kituo cha polisi cha mjini, Armande Guéret alikuwa kwenye chumba cha mahojiano akingoja gari la kumpeleka kwa hakimu. Maelezo yake aliyatia saini bila kuyasoma. Kwa siku moja na nusu alikuwa ameomba kitu kimoja tu, kwa kila aliyemletea chai: jina.

Malaval alikuwa ameipekua kila karatasi ya Évrard. Vitabu vya sala, risiti za mishumaa, picha ya Lise akiwa amevaa gauni jeupe la komunyo. Jina halikuwepo. Faili la zamani la ajali lilisema rangi ya bluu ilipatikana kwenye baiskeli ya mtoto, na kwamba magari ya bluu kumi na moja yalikaguliwa. Jingine moja halikukaguliwa, kwa sababu mwenyewe alikuwa ametoa taarifa kwamba limeibwa siku mbili kabla ya ajali.

Alikuwa anasoma mstari huo kwa mara ya pili, akiwa amesimama dirishani, mlango ulipofunguliwa. Fulgence Aubarède aliingia amevaa suti ya misibani. Hakuwa amenyoa.

"Gari lako liliibwa lini, Mzee Fulgence?" aliuliza Malaval kabla hajageuka vizuri.

"Halikuibwa," alisema. "Lipo bwawani. Kule kwenye kina, upande wa magugu."

Alikaa bila kukaribishwa. Maneno yalimtoka kwa mpigo, yakigongana. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, amekunywa, jua lilikuwa machoni, mtoto alitokea kwenye kona. Alikwenda kwa Bruda kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alitaka Bruda amwambie aende polisi. Lakini alimpigia magoti kwanza, na Bruda alikuwa ameshaapa kabla hajajua kwamba mtoto amekufa.

"Kila mwaka nilijiambia mwaka huu. Halafu unazoea, Inspekta. Hilo ndilo la kutisha, unazoea. Nilimwuzia kahawa. Nilimpelekea kuni. Ijumaa nilikaa mkabala naye mezani, akanitazama usoni, nami nikampitishia mkate." Alijifuta uso kwa mkono. "Halafu wewe ukanifungulia kengele ile, na mdomo wangu huu huu ndio uliomtaja. Nilimuua binti, nikamtia mama mikononi mwenu, na Bruda amekufa kwa kiapo changu. Nifunge."

"Siwezi."

"Nimekiri!"

"Muda wa kisheria wa kukushtaki ulikwisha zamani sana. Nikimpelekea hakimu kesi hii, ataniuliza kwa nini ninampotezea siku. Nitalitoa gari bwawani, nitaandika maelezo yako, yatasaidia kesi ya Bi Armande. Atapunguziwa, pengine sana. Lakini wewe utatoka kwa mlango ulioingilia."

Fulgence alimtazama, mdomo wazi. Alikuwa amekuja na begi dogo. Lilikuwa limemlalia miguuni, na ndani yake pajama na mswaki vilionekana.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

Malaval alichungulia dirishani. Gari la hakimu lilikuwa linaingia uani, na Perrec alikuwa anamwonyesha dereva pa kuegesha. Zilibaki dakika tano, labda kumi. Alitembea mpaka mwisho wa korido, na yule mzee akamfuata bila kuambiwa.

"Yupo humu ndani," alisema, mkono kwenye kitasa. "Anauliza jina."

"Ataniua."

"Amefungwa pingu."

Fulgence alivua kofia. Alisimama pale, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Malaval hakumsukuma wala hakumwita. Mwishowe mzee alitikisa kichwa mara moja, naye akamfungulia mlango.

Armande aliinua macho kutoka mezani. Alimtazama Fulgence, kofia yake, suti yake, uso wake ambao haujanyolewa. Aliangalia kwa muda mrefu, na Malaval aliona jinsi alivyoelewa kabla neno halijasemwa.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Armande."

Inspekta alivuta mlango nyuma yake, akawaacha.